Mapafu ya Pwani

Nilizaliwa mahali ambapo mlima ni daraja la Nyali
na mteremko mkali kuliko yote ni ule wa kushukia feri.
Basi usinicheke, Kerubo,
nikishika kiuno kabla hatujalipa langoni.

Tulianza na Karura,
kwani mhasibu huanza na hesabu ndogo.
Udongo mwekundu ulioshindiliwa na viatu vya watu wa alfajiri,
baiskeli zikilia kengele nyuma ya visigino vyangu,
na juu mtini mbega, na joho lake la arusi,
akinitazama kama mkaguzi wa vitabu.
Kwenye maporomoko nilichovya kidole
nikakilamba, kwa mazoea tu.
Kerubo akapiga ukelele: unatafuta homa ya matumbo?
Hayana chumvi, nikamwambia.
Miaka kumi na mmoja Nairobi
na ulimi wangu bado hauamini.

Jumamosi ya pili, Oloolua.
Njia nyembamba, mizizi imetokeza
kama mishipa ya mkono wa dobi.
Mafunjo kando ya Mbagathi. Pango la kupoza jasho.
Hapo nikapotea, hatua hamsini hazifiki,
lakini kupotea hakupimwi kwa hatua.
Nikasimama, nikausikia mji:
jenereta, mbwa, mtu anagonga bati,
nikaufuata mlio hadi nje
kama mtoto anayefuata harufu ya mahamri.

Kisha Ngong.

Vilele saba, wasema.
Kerubo ana saba, simu yake ina sita,
na Lekishon, askari wa msitu,
bunduki begani, gambuti miguuni,
hahesabu.

Upepo wa huko hauvumi, unadai.
Mitambo ya umeme yazungusha mikono yake mirefu
kama mtu apapasaye ukuta akitafuta swichi.
Upande huu Bonde la Ufa limeporomoka ghafla,
rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni;
upande ule Nairobi, mji mzima, unaenea kiganjani,
na humo ndani mahali fulani mna dawati langu
na watu wanaoniita
yule wa Mombasa.

Kwenye kilele cha nne goti likakataa.
Halikuuma. Lilikataa, kama punda.
Kerubo akataka kuketi nami, nikamfukuza:
nenda na kundi lile, ukamalize hesabu yako.

Akabaki Lekishon, maana kazi yake haimruhusu kuniacha.
Nikamuuliza, kwa kuwa yeye huzipanda njia hizi kila siku,
Jumamosi mara mbili,
ipi nzuri kuliko zote?
Akafikiri.
Akachomoa jani lililonasa kwenye gambuti.
“Mimi napenda Jumanne,” akasema.
“Jumanne hakuna mtu.”

Tukanyamaza, kukawa kama Jumanne.
Ng'ombe watatu wakapita, hawakutusalimu.
Kisha yeye naye akauliza:
kwenu huko, mkitaka kuona mbali, mwapanda wapi?

Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Kwetu hatupandi, nikasema mwishowe.
Unasimama tu, maji yamekufika kifundoni,
na mbali kunaanzia hapo hapo
kwenye kidole gumba.

Akanitazama
kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.

Tulishuka polepole, mimi kwa ubavu, kama kaa.
Kerubo alimalizia Kona Baridi, akarudi kwa bodaboda,
midomo imepasuka, nywele zimejaa vumbi,
vyote saba, anaapa, vyote saba.

Viatu vyangu viko mlangoni, sijaviosha.
Udongo wa Karura umekauka chini ya ule wa Ngong.
Na kazini nimeomba ruhusa ya siku moja,
Jumanne.
Kwenye nafasi ya sababu nimeandika: goti.